Jibu au Uzikwe: Sauti ya Marehemu Ndani ya Simu

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa sambusa kabla hujafika ukurasa huu, usihangaike. Nitakukumbusha tulikotoka, maana huyu Laurette wetu hatoki kwenye shimo moja ila kwa kuingia jingine.

Laurette ni binti wa Kinande kutoka Butembo. Anaishi Awindiri, hapa Arua, kwa dada yake Régine, na wote wawili wanauza vitenge sokoni. Amechumbiwa na Adriko, kijana wa Kilugbara wa Pajulu. Anachotaka duniani ni kimoja tu: ukoo wa Adriko umkubali, aolewe, aache kuitwa "yule Mkongo wa vitenge." Siku ya kumtambulisha ilipopangwa mara ya kwanza, Mzee Obitre, babake Adriko, akafariki. Ilipopangwa tena, Laurette akaanguka malaria, na mama mkwe akasema pengine msichana mwenyewe hataki. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Katikati ya mikosi hiyo akapata pa kupumulia: mchezo wa simu uitwao Jibu au Uzikwe. Mzimu mwenye mdomo ulioshonwa kwa uzi mwekundu anatoka kaburini na kuanza kuimba. Mishale inateremka kwenye kioo, nawe unaigusa kwa mdundo, unamjibu mstari kwa mstari. Ukipatia, uzi unakatika mmoja mmoja mpaka mdomo unafunguka. Ukikosea, mkono unatoka ardhini kukuvuta, na mzimu anacheka kicheko cha kukausha mate. Laurette alikuwa akishindwa na kila kitu maishani, isipokuwa mzimu yule.

Sasa, mchezo huo unakuruhusu kumtilia mzimu sauti uliyoileta mwenyewe. Na wiki iliyopita tulimwacha mjini Koboko, kwenye ukumbi wa video wa Nasuru, amenyanyua mikono juu, vijana wakigonga viti kwa kushangilia na wengine wakirekodi kwa simu zao. Mzimu wake alikuwa ametoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwenye mchezo: mwito mrefu wa mwanaume, unaoanzia kifuani, unapanda, unapanda, kisha unashuka taratibu.

Sauti hiyo alitumiwa na Adriko. "Ni ya marehemu baba," alimwambia. Laurette aliisikiliza mpaka akaijua kwa moyo, akaona ni heshima kubwa kumpa mkwe wake nafasi ya kuimba mbele ya watu.

Heshima! Haya, kaeni vizuri.

*

Laurette akiwa amesharudi Awindiri, asubuhi moja Régine alirudi kutoka sokoni hata jua halijakaa sawa. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"We Laurette! Ulifanya nini kule Koboko?"

"Nilishinda, yaya," alijibu, maana kwao dada mkubwa huitwa yaya. "Si nilikuambia?"

"Kushinda nimesikia. Batu bote ku soko bako na ile sauti yako ndani ya simu. Hata mwenye boda alinileta hapa, simu yake inalia, ni ile ile. Karibu nianguke!"

Laurette akacheka mpaka machozi. Mtu aliyezoea kusemwa vibaya akisikia anasemwa, hata hajui asemwavyo, hufurahi kwanza. Alikuwa bado anacheka simu yake ilipoita, na jina kwenye kioo lilikuwa la Adriko.

"Adri, umesikia? Arua yote—"

"Laurette, ulitia nini kwa ile gemu?"

"Ile sauti ya baba. Uliona vile batu ba Koboko—"

"Mama amesikia."

"Amefurahi?"

Adriko akaanza kusema kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayeogopa kusikika na walio chumba cha pili.

"Kwetu kila mwanaume iko na cere yake. Ni mwito yake peke yake. Akiwa kwa ngoma, akirudi nyumbani kutoka mbali, anapiga, na watu wanajua ni nani hata hawajamuona. Mtu mwingine hawezi piga. Ukipiga ya mwenzako, ni kama umevaa uso yake. Na mtu akifa, cere yake inalala na yeye, mpaka ukoo ikae iseme nani atachukua."

Laurette akaacha kucheka.

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikutumia usikilize! Sikusema utie kwa mdomo ya shetani!"

Tusimwonee Adriko, hapo alikuwa na neno. Wala tusimwonee Laurette. Kwa mtu wa Butembo sauti nzuri ni sauti nzuri, unaiimba kanisani, unaiimba njiani, haina hati ya kiwanja. Angejuaje?

Lakini alipoelezwa Mama Santina alivyoisikia, akakaa chini.

Mama Santina, mjane wa Mzee Obitre, alikuwa kwenye mashine ya kusaga muhogo, amepanga foleni na debe lake. Mashine inanguruma, unga unaruka. Nyuma ya ukuta simu ya mwenye boda ikaita, na simu yenyewe mama hakuiona. Alichosikia ni mumewe, anapiga mwito kama alivyokuwa akipiga anaporudi kutoka safari. Akaacha muhogo wake pale pale. Akakimbia nyumbani, mama wa umri ule, akafagia uwanja, akawasha moto, akapika ugali wa enyasa na samaki wa kukausha kwa simsim, akatandika mkeka mlangoni akakaa kumngojea. Jirani aliyemletea unga wake ndiye aliyemwambia: mama, ile ilikuwa simu.

Hajala chochote tangu hapo.

Laurette alilia. Nasema alilia kweli, siyo yale machozi ya kuogopa lawama. Yeye mwenyewe alifiwa na mama akiwa bado msichana, na alijua maana ya kusikia hatua za mtu asiyekuwepo.

"Nitaenda kumuomba musamaha," alisema.

"Utaenda. Baba mdogo Dramadri ameita kikao, kesho." Adriko akashusha sauti zaidi. "Lakini sikia. Usiseme mimi nilikutumia. Sema ulirekodi mwenyewe, kwa ile arusi ya binamu yangu, baba akiwa mzima. Na futa ile niliyokutumia, futa sasa hivi. Wewe ni mgeni, watakusamehe. Mimi ni mtoto ya nyumba, hawatanisamehe."

"Nimudanganye mama yako?"

"Kitu kidogo tu, Laurette. Kama unanipenda."

Kama unanipenda! Neno hilo limemaliza watu kuliko malaria. Laurette akafuta ile sauti, ikabaki ndani ya mchezo peke yake.

Régine alikuwa amesikia yote, maana nyumba yao ina chumba kimoja na nusu.

"Mudogo wangu," alisema, "bwana mwenye kukuficha nyuma yake, huyo ni bwana. Huyu anajificha nyuma yako."

"Anaogopa tu, yaya."

"Na wewe huogopi?"

Laurette akaanza kukunja kitenge cha kuvaa kikaoni.

*

Boma la Mzee Obitre lilikuwa limejaa. Wazee viti vyao upande wa kivuli, wanawake mikekani, Adriko kasimama karibu na pikipiki yake. Laurette akapiga magoti, akasalimia mzee baada ya mzee. Alipofika kwa Mama Santina akanyoosha mikono yote miwili. Mama aliiangalia ile mikono, akaiacha hewani.

Mzee Dramadri, mdogo wake marehemu, akasema maneno machache ya Kilugbara, kisha akageukia Kiswahili ili wageni wasikie.

"Sisi hapana ita wewe hapa kwa fujo. Nataka jua tu. Hii cere ya ndugu yangu, nani nakupa?"

Laurette akamtazama Adriko. Adriko akatazama tairi la pikipiki.

"Nilirekodi mi mwenyewe, mzee. Ile siku ya arusi ya binamu. Sikujua ni kitu kikubwa. Naomba musamaha."

"Wewe peke yako?"

"Mi peke yangu."

Wanawake wakanong'onezana. Régine akauma midomo. Najua wewe msomaji ulitamani aruke aseme, hata mimi. Lakini alikuwa ameapishwa na mdogo wake njia nzima.

Mzee Dramadri akavuta pumzi. Siyo mtu mbaya, msimchukie.

"Basi. Wewe hapana jua desturi, hiyo tumesikia. Lakini mutu nakwenda weka marehemu yetu ndani ya kaburi ya mchezo, watu ya Koboko nacheka, napiga viti, huyo mutu tutamweka namna gani kwa nyumba yake? Mimi naona maneno ya arusi hii iko kwisha."

Laurette alingoja. Ilitosha Adriko aseme neno moja, baba mdogo, kosa ni langu. Adriko akakwaruza udongo kwa kiatu.

"Mzee!" Régine akashindwa kujizuia. "Mutoto hakujua! Hata kanisani banasamehe!"

"Mama, keti. Hapa hapana kanisa."

Mama Santina alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Sasa akasema, na watu wote wakamgeukia, maana hakuna aliyetegemea.

"Washa."

"Mama?" Laurette akauliza.

"Washa hiyo simu. Ile ya boda boda iko na makelele ya Koboko, viti, watoto. Na kwa mashine, mashine nalia. Mimi nataka sikia mzuri. Washa."

"Shemeji, hapana," alisema Mzee Dramadri. "Nataka jiumiza bure."

"Ni bwana yangu ama bwana yako?"

Mzee akajiegemeza kwenye kiti. Kuna maswali hayajibiwi na mwenyekiti yeyote.

Laurette akatoa simu, akasogea kwa magoti mpaka miguuni pa mama. "Mama, haiwezi kulia yenyewe. Lazima nicheze. Nikimujibu vizuri mpaka mwisho, ndiyo anafungua kinywa na kupiga yote."

"Basi cheza."

Nimeshuhudia watu wakifanya mitihani, nimeshuhudia watu wakisimama mbele ya hakimu. Sijawahi kumwona mtu akicheza mchezo wa mizimu mbele ya ukoo mzima uliokusanyika kumkataa. Laurette akafungua. Kioo kikawa cheusi, kaburi likapasuka, na yule mwenye mdomo ulioshonwa akapanda juu akiyumba. Mwanamke mmoja mkekani akafunika uso kwa kitenge. Mzee mmoja akataja jina la Yesu.

Mzimu akaimba mstari wake wa kwanza. Laurette akajibu, akachelewa, mshale ukapita. Mwingine ukapita. Kule Koboko alikuwa akiupiga mstari huu huku anatafuna karanga. Leo mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Mshale wa tatu, wa nne, kisha mkono ukachomoza ardhini, na kicheko cha mzimu kikajaza uwanja wa marehemu.

"Toa hiyo kitu hapa!" Mzee Dramadri akasimama.

"Tena," alisema Mama Santina.

"Shemeji—"

"Nimesema tena."

Laurette akafuta jasho viganjani kwa kitenge chake. Safari hii hakumtazama mzimu. Alifumba macho nusu akasikiliza mdundo, ngoma ya chini, ile nzito, akaacha vidole viifuate. Mzimu aliimba, akamjibu. Aliimba tena kwa haraka, akamjibu kwa haraka. Uzi mwekundu ukaanza kukatika. Watoto waliokuwa nyuma ya nyumba wakasogea, na hakuna aliyewafukuza. Uzi wa mwisho ukakatika, mdomo ukafunguka.

Mwito ukapanda juu ya boma la Mzee Obitre.

Wanawake wakashika vichwa. Na wale wazee, bila kuambiana, wakainuka kwenye viti vyao, kama wanavyoinuka mwenye nyumba akiingia. Mzee Dramadri alikuwa ameuma kidole ili asilie.

Mama Santina alifumba macho mpaka sauti ikaisha.

"Tena," akasema.

Laurette akacheza tena, akapatia, mwito ukapanda tena. Alipoinua uso aliona kitu ambacho hakukitegemea. Mama Santina alikuwa akitabasamu, tabasamu chungu, la mtu aliyeshika noti bandia.

"Huyu hapana Obitre."

Uwanja mzima ukasema "Eee?" kwa pamoja.

"Mama!" Adriko akaruka.

"Nyamaza. Mimi nasema." Mama akawageukia wazee. "Obitre alikuwa na kifua mbaya, nyinyi yote najua. Yeye napiga, nafika juu, nakatika. Navuta pumzi. Halafu namaliza. Mimi nasikia hiyo kila siku, mimi iko jikoni nangoja tu pumzi irudi. Kwa mashine kulikuwa kelele, pale pumzi ilikosa, moyo yangu ikajaza. Lakini huyu hapana katika. Huyu napanda mpaka mwisho. Iko na kifua ya kijana."

Akamtazama mwanawe, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Hii sauti mimi nilizaa."

Jamani. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mara nyingine hukijui mpaka mama wa mtu akuonyeshe. Laurette alihisi simu inakuwa nzito mkononi. Alimkumbuka Adriko akimtumia ile sauti, akimwandikia kwamba hata yeye akiisikia hulia. Aliisikiliza kila asubuhi kwa heshima ya maiti, kumbe alikuwa akimsikiliza bwana harusi.

Adriko alishika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili. Halafu mabega yakaanza kutikisika.

"Nilikuwa namkumbuka," alisema. "Simu yangu iliibiwa na sauti zake zote. Laurette aliniomba asikie baba hata kidogo. Sikuwa na kitu ya kumpa. Nikaenda kwa shamba ya mtama, nikapiga. Ilitoka vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaogopa."

Hapo hata Régine alimwonea huruma, na Régine hana huruma ya bei rahisi. Kama Adriko angefunga mdomo pale, pengine hadithi hii ingekwisha wiki hii, na mimi ningetafuta kazi nyingine.

Mzee Dramadri akauliza, "Na huyu msichana alijua ni wewe?"

Adriko akamtazama mzee. Akamtazama mama yake. Kwa Laurette hakugeuka.

"Ni yeye alisema nipige," alisema. "Alitaka sauti ya gemu yake."

Laurette alibaki magotini, simu mkononi. Alikuwa amebeba kosa la huyu mtu mbele ya ukoo wake, na huyu mtu alipoona mzigo wake umetuliwa chini, ameuinua na kumtwisha upya.

"We mwongo!" Régine alikuwa wima. "We mwanaume, Mungu anakuona!"

"Keti, mama, keti." Mzee Dramadri alinyoosha mkono. Alifikiri kidogo, kisha akasogeza kiti chake karibu na Laurette, akasema taratibu, kwa huruma ya mzee anayetaka jambo liishe.

"Binti yangu, sikia mimi. Sasa maneno imegeuka. Cere ya marehemu hapana ingia kwa simu yako, kwa hiyo ile kosa kubwa hapana yako tena. Imebaki hii ya kijana. Kama nyinyi wawili mlipanga, ni utoto ya wawili. Tunachinja mbuzi, tunaosha nyinyi pamoja, na maneno ya arusi naendelea. Lakini kama yeye alivaa uso ya baba yake kudanganya wewe, akaacha mama yake napikia hewa, huyo natoka kwa hii boma mpaka siku ukoo itamwita. Na mutu hapana na boma, hapana oa." Akamtazama machoni. "Fikiri mzuri kabla ya kusema."

Umeelewa alichofunguliwa? Mlango. Ule ule alioulilia toka mwanzo wa kisa hiki. Neno moja, "tulipanga," na Laurette ni mke wa Adriko. Adriko naye alikuwa amegeuza uso sasa, anamtazama, na macho yake yalikuwa yakimwambia lile neno lake la jana, kama unanipenda.

"Sema, Laurette," alinong'ona. "Sema tu."

Mama Santina ndiye aliyeuliza. Aliinama mpaka uso wake ukakaribiana na wa Laurette. Alikuwa amekonda, midomo imekauka, na harufu ya moshi wa jikoni ilikuwa bado kwenye nguo yake.

"Mwanangu. Yeye nakuambia hii sauti iko ya nani?"

Laurette alifungua mdomo akiwa hajui kitakachotoka. Alimpenda Adriko. Nisiwafiche, hata dakika ile alimpenda, na ndiyo sababu ilimuuma. Lakini huyu mama alikuwa amefagia uwanja na kutandika mkeka. Angemdanganya mara ya pili angewezaje kuitwa mkwe wake? Angemwita mama kwa mdomo upi?

"Aliniambia ni ya baba yake," alisema. "Nikaamini. Na jana alinituma nidanganye, nikadanganya. Hapo nilikosa, mama. Unisamehe kwa hiyo."

Mzee Dramadri alifumba macho. Alikuwa amempa mlango, msichana ameufunga mwenyewe.

"Adriko," alisema bila kuyafungua. "Chukua pikipiki yako."

Hakuna aliyebishana. Wazee wakampa kijana mgongo mmoja mmoja, polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kupigwa. Adriko aliingia ndani akatoka na mfuko. Alipita mbele ya mama yake, akasimama, akangoja. Mama Santina aliangalia mikono yake mwenyewe.

Pikipiki ikawaka. Adriko akaigeuza mpaka njiani, kisha akasimama, mguu mmoja chini. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Laurette! Nimekosa. Nilishikwa na woga. Nakuomba, panda. Tutaenda Koboko, tutaanza pale, mimi na wewe. Sina mtu mwingine sasa."

Régine akasema kwa haraka, "Laurette, twende nyumbani. Awindiri. Inuka."

Laurette alikuwa bado magotini. Akaweka kiganja chini ainuke, na hapo mkono mwingine ukamshika kifundo cha mkono. Ulikuwa mkavu, mgumu wa jembe, na ulishika kwa nguvu ambayo hungeitegemea kwa mtu asiyekula.

"Wewe hapana kwenda," alisema Mama Santina.

"Mama, mimi siyo mke wa mtu hapa. Umesikia mzee."

"Nimesikia. Mzee alisema nani atoke. Hapana sema nani akae." Sauti yake ikavunjika kwa mara ya kwanza siku ile. "Bwana yangu alikwenda. Mtoto yangu leo nakwenda, na ni wewe uliyesema ile neno imetoa yeye. Ulisema kwa sababu yangu, mimi najua. Basi kaa na mimi. Kaa binti, hapana mke ya mtu."

Wanawake mikekani wakatazamana. Mzee Dramadri akageuka, mdomo wazi, maana jambo hilo halikuwa kwenye desturi yoyote aliyoijua.

Laurette alikuwa ameomba nyumba hii kwa Mungu, Jumapili baada ya Jumapili, kanisani Awindiri. Sasa alikuwa amepewa, na aliyekuwa aingie naye yuko njiani, injini inanguruma, anamlilia.

"Laurette!" Adriko akaita. "Panda!"

Laurette akainuka, na Mama Santina, bila kumwachia mkono, akainuka naye.